Mafunzo ya mabwana na mabibi shamba Pemba: utabiri wa msimu ufundishweje?

Bibishamba_Wete
Assalaam alaykum. Tunaandaa mafunzo ya siku mbili kabla ya Masika kwa mabwana na mabibi shamba wa mabonde ya mpunga. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wanaupata, lakini ukimfikia mkulima umeshakuwa "mwaka huu mvua nyingi", basi. Nianzie wapi?

Kipimamvua
Waalaykum salaam. Anza na asilimia. Tafuta jumla za mvua za Masika za miaka 30 kutoka kituo cha karibu, kila mwaka kikaratasi chake. Wazipange wenyewe kutoka haba hadi nyingi, kisha wazigawe mafungu matatu ya kumi kumi. Hapo "chini ya wastani", "wastani" na "juu ya wastani" zinapata milimita zake.

Halafu mfuko wa punje 20. Utabiri ukiwa asilimia 45 juu, 35 wastani, 20 chini, tia maharage 9, kunde 7, mahindi 4. Wachote moja bila kutazama, warudishe, wachote tena. Likitoka hindi, yaani mvua chini ya wastani, muulize aliyechota: yule mkulima uliyemwambia apande bondeni tu kwa kutegemea mvua nyingi, leo unamwambiaje? Usiliruke zoezi hili hata muda ukibana. Slaidi hazifanyi kazi hiyo.

Mkulima_Bondeni
Naongeza: jumla ya msimu haisemi mvua itagawanyika vipi, na mpunga mchanga huuliwa na mvua ya uongo, ile inayoanza kisha ikakatika. Wafundishe kanuni hii: mvua imeanza kweli zikipatikana milimita 20 ndani ya siku tatu, na siku 30 zinazofuata pasiwe na ukavu wa zaidi ya siku 10 mfululizo. Sharti la pili halijulikani siku ya kupanda, kwa hiyo ndipo utabiri wa siku 10 unapoingia. Asiye na mbegu ya kurudia asimwage yote mara moja.

Kila mmoja awe na kipimamvua. Chombo chenye kuta zilizonyooka kinatosha. Kilichopanuka juu kinadanganya. Kiwekwe mbali na mnazi au mkarafuu, angalau mara mbili ya urefu wa mti, kisomwe saa 3 asubuhi kila siku, hata kikiwa kikavu. Sifuri nayo iandikwe.

Bibishamba_Wete
Ahsanteni. Na tahadhari za mvua kubwa?

Kipimamvua
Mvua kubwa kwenye taarifa za Mamlaka ni inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Wape hesabu: milimita moja ni lita moja kwa mita mraba, kwa hiyo ekari moja inapokea zaidi ya lita 200,000. Wakishaiona hiyo hawatabishana juu ya kusafisha mitaro.

Kwenye tahadhari wasome mistari miwili, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, kisha kila mmoja aandike ujumbe wa sheha (kiongozi wa shehia) kusoma kwenye kipaza sauti cha msikiti. Mfano: "Mvua kubwa inatarajiwa kesho na keshokutwa. Msitie mbolea ya urea. Zibueni mitaro leo. Karafuu zilizoanikwa zikusanywe kabla ya magharibi, zisirundikwe mbichi." Zikirundikwa mbichi hupata joto zikageuka mpeta, yaani karafuu zilizoharibika, na bei inaanguka. "Wakulima wachukue tahadhari" ikatae, mrudishie aandike upya.

Mkulima_Bondeni
Na tahadhari ikimalizika ujumbe wa pili utolewe. Bila huo watu wanabaki wamezuia mbolea wiki nzima.