Kugawiana vitu vya nyumbani tusivyovitumia: nani apewe, na kipi kisigawiwe?

Mpangaji
Ndugu zangu, habari zenu. Sisi wakazi wa jengo moja tumekubaliana kupeana bure samani, vyombo na vifaa vya umeme tusivyovihitaji tena, badala ya kuvitupa. Hata hivyo, kila tangazo likitoka, watu walewale wenye simu mkononi muda wote huwahi kujibu, na wanaofanya kazi za zamu hukuta kitu kimeshachukuliwa. Je, ni haki kumpa aliyetangulia? Na je, viko vitu visivyofaa kugawiwa hata vikionekana vizima?

Jirani Mwema
Kumpa aliyetangulia humrahisishia mtoaji, lakini huwapa wachache kila kitu. Katika Freecycle, mtandao wa watu wanaopeana vitu bure ulioanzishwa Tucson, Marekani, mwaka 2003, mtoaji ndiye anayeamua nani apewe, na Buy Nothing, mtandao kama huo ulioanza mwaka 2013 katika kisiwa cha Bainbridge, Marekani, umekuwa ukihimiza watoaji wasubiri kwanza kabla ya kuchagua. Nanyi tajeni saa ya kufunga maombi, kisha mchague au mpige kura ya bahati nasibu. Ninachowasihi ni kwamba msimlazimishe mwombaji aeleze shida zake mbele ya majirani, kwa sababu anayehitaji sufuria hapaswi kuilipia kwa heshima yake.

Fundi
Nijibu swali la pili. Kiti cha mtoto cha garini kisigawiwe ikiwa historia yake haijulikani, kwani kilichopitia ajali kinaweza kuwa kimedhoofika ndani bila ufa wowote kuonekana. Kofia ya pikipiki ni vivyo hivyo: povu lake hubonyea ili kupokea kishindo, na likishabonyea halilindi tena. Betri iliyovimba ipelekwe kunakokusanywa taka za kielektroniki, kwa kuwa inaweza kulipuka moto. Simu na kompyuta zitoke baada ya mwenyewe kuondoa akaunti zake na kufuta kumbukumbu zote. Jokofu bovu linalosubiri kuchukuliwa ling'olewe mlango, maana watoto huingia humo wakicheza na kukosa hewa.

Godoro ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kunguni hujificha kwenye mishono yake na kwenye nyufa za mbao za kitanda, na wanaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo kulihifadhi stoo kwa wiki chache hakulisafishi. Nyumba iliyokuwa na kunguni isitoe godoro kabisa.

Mlezi
Nakubaliana na Fundi, nami naongeza kwamba kasoro iandikwe kwenye tangazo lenyewe, pamoja na picha yake, ili mtu asibebe kabati zito ngazi zote na kugundua nyumbani kwamba droo haifungi. Je, anayechukua kisha akauza azuiwe?

Jirani Mwema
Mimi simzuii, mama, mradi amesema ukweli tangu mwanzo, kwa sababu kitu kimepata wa kukitumia. Anayedai ni cha matumizi yake kisha akakiuza, huyo asipewe tena.

Mpangaji
Nawashukuru sana. Tutafunga maombi jioni ya siku inayofuata tangazo na kupiga kura, na kitakachokosa mchukuaji kitarudi kwa mwenyewe, kisiachwe koridoni.