Kutembea kwa kasi, kukimbia, baiskeli au kamba: kipi kinamfaa mtu mzima anayeanza?

PandaNgazi: Wakuu, naomba tulinganishe. Mtu ana miaka arobaini na ushee, kazi yake ni ya kukaa, muda wake ni nusu saa kwa siku, siku tano. Tuache habari za kitambi. Swali ni moyo na misuli, bila kuumiza viungo.

MwendoMdundo: Hapo ana dakika 150, kiwango cha chini kabisa cha mwongozo wa WHO wa 2020: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Aanze na kutembea, lakini si mwendo wa kutazama maduka. Ahesabu hatua kwa sekunde 15: zikifika 25, ni wastani. Au ajisikilize: akiweza kuongea lakini kuimba kukamshinda, kasi inatosha.

Ugoko_Mzima: Kukimbia kunaokoa muda, ila kila mguu unapotua hupokea uzito wa mwili mara mbili au tatu. Tatizo ni kwamba pumzi hukua ndani ya wiki chache, wakati kano na mifupa huhitaji miezi. Mtu anajiona yuko fiti, anaongeza kilomita, kisha ugoko na kano ya kisigino vinalalamika. Atembee dakika 5, kisha akimbie dakika 1 na kutembea 2, mara saba, amalizie kwa kutembea. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Maumivu yakiwa mahali pamoja juu ya mfupa, panapouma ukipabonyeza kwa kidole, aache kukimbia na apimwe; huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Kamba ni hivyohivyo, tena inabana zaidi mashavu ya miguu. Sekunde 20 kuruka, 40 kupumzika, na kuruka kuwe kwa kupita kamba tu, si kurukia dari.

Mnyororo: Magoti yakisumbua, baiskeli. Kosa kubwa ni kiti kuwa chini mno, ndipo goti huuma kwa mbele. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukiendesha kwa unyayo wa mbele, goti litabaki limekunjika kidogo. Tumia gia nyepesi, mizunguko 70 hadi 90 kwa dakika, badala ya kusukuma gia nzito. Kasoro yake: haiupi mfupa mzigo, kwa hiyo haiimarishi mifupa kama kutembea.

Seti_Mbili: Mnabishana kuhusu pumzi, misuli mmeisahau! Kuchuchumaa hadi kugusa kiti na kuinuka, pushapu kwenye meza imara isiyoteleza, kuinua visigino, na kuvuta begi zito kuelekea kiunoni. Kila zoezi seti 2, yaani rudia mara 8 hadi 12, pumzika, kisha rudia tena. Mbili za mwisho ziwe ngumu kweli, la sivyo uzito hautoshi. Toa pumzi unaposukuma. Ukiibana, presha hupanda ghafla.

PandaNgazi: Na anayetumia dawa za presha?

MwendoMdundo: Aulize daktari wake kwanza. Dawa kama atenolol na propranolol hupunguza mapigo ya moyo, hivyo saa ya mkononi inayopima mapigo itamdanganya; atumie kipimo cha kuongea. Anayechoma insulini apime sukari kabla na baada. Na kwa yeyote: kifua kikibana, kizunguzungu cha kutaka kuzimia, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, asimame hapohapo na atafute matibabu.

PandaNgazi: Basi kutembea siku zote tano, misuli Jumatatu na Jumanne.

Seti_Mbili: Jumatatu na Alhamisi. Misuli ileile inahitaji angalau siku moja katikati.