Seiko 5 ya 7009, HMT Janata au Vostok: ipi ya kuanza nayo kwa shilingi 8,000?

Kijana_wa_Saa
Wadau, nataka saa moja ya zamani ya mkono niifungue, niisafishe na kuirudishia uhai mwenyewe. Si ya kuuza, ni ya kuvaa. Nina shilingi 8,000 za saa na spea. Bisibisi ndogo, kibanio na lenzi ya jicho ninavyo tayari. Nimebakiwa na tatu: Seiko 5 yenye mashine ya 7009, HMT Janata ya India na Vostok ya Urusi. Kwa mtu aliye Nairobi, ipi haitamkwamisha katikati ya kazi?

FundiWaNgara
7009, na sababu ni spea. Hiyo ni mashine ya otomatiki yenye vito 17 (vijiwe vigumu vinavyoshika ncha za magurudumu), inagonga mara 21,600 kwa saa, na ilitengenezwa kwa wingi tangu mwisho wa miaka ya 1970. Ukizunguka kwa mafundi wa mitaa ya River Road na Luthuli utakuta makopo ya saa zilizokufa, na ndani yake ni nadra kukosa Seiko 5. Nunua moja ya kuvaa na nyingine mbovu ya kukatia spea. Mbili za namba moja ya mashine ni bora kuliko moja nzuri isiyo na mwenzake.

Ila ujue udhaifu wake. Haitiwi ufunguo kwa mkono, inajazwa na rota tu, yaani kile kipande kizito kinachozunguka mkono ukitikisika, na mshale wa sekunde hausimami ukivuta kitufe cha pembeni. Rota inaisukuma lever yenye ncha mbili ambayo Seiko wanaiita Magic Lever: ncha moja inavuta gurudumu, nyingine inalisukuma, hivyo kamani, ile springi inayotunza nguvu ya saa, inajaa rota ikienda upande wowote. Ncha zikishika uchafu au gurudumu likichakaa, saa itatembea ukiivaa lakini usiku itakufa mezani. Wengi hukimbilia kubadilisha kamani kuu wakati tatizo ni lever chafu.

Bi_Kamani
Kwa anayejifunza, mimi ninasema Janata, na nina sababu zangu. HMT walianza saa Bangalore mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen, na ufundi wa Kijapani unauona ndani. Vito 17, mapigo 18,000 kwa saa, ya kutia ufunguo. Haina rota wala tarehe wala siku. Ukiifungua na kuitazama kwa lenzi, unaiona njia yote ya nguvu: pipa la kamani, magurudumu, uma unaoyaachia jino kwa jino, na balansi, gurudumu linalocheza huku na huku kupima muda. Kwenye 7009 kabla hujafika hapo unatoa rota na daraja lake, na upande wa uso kuna sahani za tarehe na siku zenye vijispringi vinavyoruka.

Tatizo la Janata si mashine. Ni nyuso. HMT walifunga kiwanda cha saa mwaka 2016, na nyingi zinazouzwa mtandaoni kutoka India zimepakwa uso upya. Rangi nene, herufi zimevimba, rangi ambazo kiwanda hakikutoa kamwe. Kama lengo ni kujifunza, hiyo haidhuru. Kama unataka saa ya asili, angalia kwa lenzi kabla ya kulipa.

Amfibia_Nakuru
Vostok niitetee kidogo. Mashine ya 2409 ni ya kutia ufunguo, vito 17, mapigo 19,800 kwa saa, na kiwanda cha Chistopol bado kinatoa mashine za familia hiyo, kwa hiyo spea mpya zipo duniani. Lakini kwetu hazipo mtaani, ni lazima uagize. Na usitishwe na kitufe kinachoyumba ukikifungua: kimeundwa hivyo ili kijiti kisivunjike kikigongwa. Kuna aina mbili za Vostok utakazokutana nazo: Komandirskie nyingi za zamani ni shaba iliyopakwa kromu. Kromu ikishamenyuka pembeni hairudi kwa kupigwa msasa. Ya chuma cha pua ni Amfibia.

Kijana_wa_Saa
Asanteni sana. Ninaelekea kwenye 7009. Nikiwa mbele ya muuzaji soko la Gikomba au Toi, naangalia nini kwanza?

FundiWaNgara
Uso, ndugu yangu. Uso kabla ya kitu kingine chochote. Mashine utaisafisha, kioo utabadilisha, mkanda utanunua. Uso uliooza au kupakwa vibaya haurudi. Sogeza lenzi hadi chini kabisa ya uso, chini ya namba 6: Seiko wanaandika pale kwa herufi ndogo sana, na namba nne za kwanza lazima ziwe 7009. Mfuniko wa nyuma nao uanze na 7009. Zikitofautiana, hiyo saa imeunganishwa kutoka kwa nyingine.

Kwenye mfuniko kuna namba ya tarakimu sita. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, na O, N na D ni Oktoba, Novemba na Desemba. Namba ikianza na 8 inaweza kuwa 1978 au 1988. Utaamua kwa mtindo wa saa yenyewe.

Kisha itikise kwa upole na kuisikiliza. Rota ikikwaruza kama kijiko kwenye sufuria, bearing zake zimechoka au skrubu yake imelegea. Vuta kitufe uzungushe mishale: ikizunguka kirahisi mno bila ukinzani wowote, gurudumu la kushikilia mshale wa dakika limelegea.

Bi_Kamani
Na saa inayokimbia dakika kadhaa kwa siku usiiogope. Mara nyingi imeshika sumaku: mizunguko ya kamani ndogo ya balansi inashikana, balansi inapiga haraka. Fungua dira ya simu, pitisha saa juu yake polepole. Sindano ikiifuata, ni sumaku, na kifaa kidogo cha kuondoa sumaku kinatosha. Hapo muuzaji anayeamini saa ni mbovu anakuuzia saa nzima.

Mlezi_wa_Rota
Naongeza kuhusu kusafisha, maana hapo ndipo wengi wanaua saa. Petroli safi ya viberiti aina ya Zippo kwa kila kitu, halafu spiriti kwa sahani na magurudumu pekee. Uma na balansi visiguse spiriti: vito vya uma vimebandikwa kwa gundi ya shelaki, na spiriti inaiyeyusha.

Kabla ya kufungua chochote, achilia nguvu ya kamani. Shika skrubu ya gurudumu la juu ya pipa kwa bisibisi inayolingana, sogeza kile kidude kinachozuia, kisha acha bisibisi izunguke mkononi polepole. Ukiiachia ghafla, meno yanaweza kukatika.

Mafuta: usitumie ya cherehani wala WD-40. Yanatambaa kote na baadaye yanakuwa gundi. Tumia mafuta ya saa ya Moebius 9010 kwa mishikio ya magurudumu ya kasi, na usizidishe: ukiangalia kito kwa lenzi, mafuta yajaze kama nusu ya kikombe chake tu. Ncha za ekseli ya uma unaziacha kavu kabisa. Ukizipaka, mapigo ya balansi yanakuwa dhaifu na utafikiri kamani imechoka.

Springi ya Diashock, kinga ya Seiko dhidi ya mishtuko, inayoshika kito cha balansi ina umbo la jani lenye ncha tatu. Ukiigusa bila kujiandaa inaruka na hutaiona tena. Weka mikono yako na mashine ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki angavu, ufanyie kazi humo.

Amfibia_Nakuru
Kioo vipi? Kioo cha Janata ni plastiki: msasa wa maji 1,000, kisha 1,500, kisha 2,000, halafu Brasso kwa kitambaa laini hadi kiwe safi. Hiyo usiijaribu kwenye kioo cha Seiko 5, ni kigumu na hakisuguliki hivyo. Kipime kwa vania (kipimio cha kubana) hadi sehemu ya kumi ya milimita na uagize kipya.

Kijana_wa_Saa
Nimerudi. Kwa muuzaji mmoja kuna 7009 mbili kwa bei sawa. Moja inatembea vizuri lakini uso umepakwa upya, rangi imeingia hadi kwenye ukingo wa tundu la tarehe. Nyingine imekufa kabisa, uso wake safi, mishale ina kutu kidogo. Nichukue ipi?

FundiWaNgara
Ile iliyokufa, mradi balansi haijavunjika. Muombe aifungue nyuma. Angalia gurudumu la balansi kwa pembeni huku ukigeuza saa juu chini taratibu. Likiinama upande mmoja kama sahani iliyolegea, ekseli yake imekatika. Hapo unalazimika kutafuta balansi nzima kutoka saa ya spea. Likikaa sawa na kucheza huku na huku ukipuliza kidogo, lakini saa haigongi, nguvu haifiki: kamani imekatika au mafuta yameganda, na hayo yote uko nayo ndani ya bajeti.

Kisha jadiliana naye kuhusu ile inayotembea pia. Kwa uso huo haina soko, na mashine yake ni spea kamili.

Mlezi_wa_Rota
Ukishaifunga, jambo moja kuhusu tarehe: usiibadilishe kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Wakati huo jino linalosukuma tarehe liko kazini, na ukilazimisha linavunjika. Sogeza mishale hadi saa kumi na mbili (mshale mfupi kwenye namba 6), kisha weka tarehe na siku.