Besi inapotea nikikaa katikati, ni waya wa spika au nini? (Dodoma)

Dogo_Nkuhungu: Wakuu heshima kwenu. Nimepata amplifaya ya mtumba na spika mbili ndefu za omu 6 (kipimo cha ukinzani wa umeme), nimezifunga sebuleni. Ya kushoto iko mita 2 tu toka kwenye amplifaya, ya kulia waya umepanda juu ya jipsam ukazunguka mlango ndo ukashuka kwahiyo inafika mita 9. Fundi alitumia ule waya mweupe mwembamba wa 0.75 (unene kwa milimita za mraba). Sasa nikikaa kwenye kochi besi hamna kabisa, sauti imesambaa haieleweki inatokea wapi, ila nikisogeza sikio kwenye spika moja moja besi naisikia. Duka moja mjini wananiambia ninunue waya wao wa elfu 18 kwa mita. Mita 11 ni laki na 98, karibu bei ya amplifaya yenyewe! Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Fundi_Kizota: Usitoe mkuu. Waya wa spika ni shaba na unene, basi. Umeme unaenda na kurudi kwahiyo mita 9 ni mita 18 za shaba, kwa 0.75 unapata ukinzani kama omu 0.42, hiyo ni asilimia 7 ya omu 6 za spika yako na sisi huwa hatutaki izidi 5. Kwa 1.5 inashuka hadi 0.21, kwa 2.5 kama 0.13. Chukua twini (waya mbili zilizoshikana) ya 2.5 yenye nyuzi nyingi laini, siyo ule mgumu wa soketi, huo umeme unapita vizuri tu ila ukiukunjakunja pale kwenye nati za kufungia waya unakatika. Na kabla hujalipa kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani ujue ni aluminiamu imepakwa shaba, achana nayo.

Mzee_wa_Manyoni: 2.5 sawa, lakini mwanangu dalili ulizotaja siyo za unene. Besi ipo kwa kila spika halafu katikati inapotea, hapo spika moja imefungwa kinyume, koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka) moja inasukuma mbele wakati mwenzake anavuta nyuma, hewa inafutana. Zima amplifaya, chomoa waya zote nyuma yake, chukua betri ya redio ya volti 1.5 ugusishe kidogo tu, chanya kwenye waya unaoingia nati nyekundu. Koni zote mbili lazima zitoke nje.

Dogo_Nkuhungu: Mzee shikamoo na ahsante sana! Ya kulia imeingia NDANI. Nikapanda darini, nimekuta waya umeungwa kwa kusokotwa na selotepu, zote nyeupe hazina alama, wamezigeuza hapo hapo kwenye kiungo. Nimegeuza, besi imerudi mpaka kioo cha kabati kinatetemeka. Twini ya 2.5 nanunua mita 9 kesho nitoe kile kiungo. Wa kushoto nao nibadilishe?

Fundi_Kizota: Uache, mita 2 za 0.75 haifiki hata omu 0.1. Ila huo mpya usiupitishe paipu moja na waya za umeme wa nyumba. Na ukishamenya sokota nyuzi vizuri, uzi mmoja ukigusa nati ya pili ni shoti, na amplifaya za mtumba nyingine hazina kinga kabisa, inaungua hapo hapo.

Mzee_wa_Manyoni: Marahaba. Upande wa chanya uupige fundo ncha zote mbili kabla hujaupandisha darini.