Bingwa anayevunja wenzake vidole: abaki klabuni au aondoke?

Mwana Göteborg: Wakuu, huku Sweden nacheza HEMA, yaani sanaa za kale za mapigano za Ulaya: upanga mrefu wa mikono miwili kwa kufuata vitabu vya mabwana wa upanga wa zamani. Klabuni kwetu yupo mmoja, medali anazo, lakini mazoezini anapiga kana kwamba yuko fainali. Wageni wanakuja Jumatatu, Jumatano huwaoni tena. Wa mwisho kaondoka na kidole kilichovunjika. Nasema aondolewe. Klabu ni ya wanaojifunza. Mnasemaje?

Kisu Butu: Upanga ni upanga. Anayeogopa kupigwa abaki nyumbani. Hao mabwana mnaowasoma walishindana hadharani mpaka damu itoke kichwani. Bila mapambano makali mnacheza ngoma tu, kama wale wa kirumbizi, mchezo wa bakora wa Lamu.

Mlamu Halisi: Kisu, hapo umenigusa pabaya. Kirumbizi umeiona uwanjani au kwenye simu? Zumari linalia, wawili wanaingia na bakora, mji mzima unatazama. Usiyejua kuzuia utaaibika. Futa kauli.

Kisu Butu: Sikusema ni mbaya. Nimesema ni ngoma.

Mlamu Halisi: Umesema "ngoma tu". Hiyo "tu" ndiyo naitaka uifute.

Mzee wa Köln: Tulieni, vijana. Habari ya damu kichwani ni kweli, Ujerumani ya karne ya 16, ila Kisu katuletea nusu. Kabla ya kuanza yalitangazwa yaliyokatazwa: kuchoma kwa ncha, kupiga kwa kitako cha mpini, kuvunja mkono, hata kurusha mawe. Na ubwana wa upanga haukuwa wa kujipachika. Chama cha Marxbrüder kiliwapima watu kule Frankfurt, na kaizari alikipa hati mwaka 1480 na kitu.

Kisu Butu: "Na kitu" ndiyo ushahidi siku hizi?

Msomaji wa Usiku: 1487, Kaizari Friedrich III. Tuendelee.

Dada wa Leeds: Mimi narudi kwa "anayeogopa abaki nyumbani". Klabu yangu ya kwanza niliihama, na si kwa woga. Kila nilipomwambia mtu apunguze nguvu, kocha alicheka. Nilipo sasa, kabla ya kila pambano tunakubaliana kasi na nguvu, na anayeomba kupunguziwa hahojiwi. Ndipo nilipojifunza kuzuia na kukata kwa tendo moja. Ukiwa unawaza vidole vyako, utajifunza kurudi nyuma tu, mwaka mzima.

Kisu Butu: Heshima yako, dada. Lakini ukienda mashindano ya Swordfish utamwomba mpinzani apunguze?

Mwana Göteborg: Swordfish iko mjini kwetu tangu 2006, usinifundishe. Anayeingia pale kajiandikisha kushindana na waamuzi wamesimama. Aliyelipa ada aje kujifunza Jumatatu jioni hakujiandikisha kwa hilo.

Kisu Butu: Basi mfukuzeni, mbaki mnasifiana. Mabingwa ndio wanaoipa klabu jina.

Mzee wa Köln: Jina? Liechtenauer, bwana wa upanga wa zamani wa Kijerumani ambaye klabu nyingi za Ulaya zinamfuata, hatujui hata pambano moja alilolishinda. Aliacha mashairi ya mafumbo. Yamefika kwetu kwa sababu wengine waliyashika, wakayaeleza, wakayaandika. Wangekimbia wote kwa kuumizwa wiki ya kwanza, wewe Kisu leo ungekuwa unasoma nini?

Mlamu Halisi: Sawasawa, mzee. Na ile "tu" bado naisubiri.

Kisu Butu: Haya, Mlamu, "tu" nimeifuta, tusikeshe. Mwana Göteborg, nijibu kitu. Huyo mgeni alivaa glavu gani?

Mwana Göteborg: Za hoki. Za kuazima, za klabu.

Kisu Butu: Za hoki, mbele ya upanga mrefu wa chuma! Hata mtu mpole angemvunja.

Dada wa Leeds: Hapa naungana na Kisu, ingawa bingwa wenu simtetei. Mwana Göteborg, kocha alikuwepo?

Mwana Göteborg: Alikuwepo. Ndiye aliyewapanga.

Dada wa Leeds: Kampanga mgeni mwenye glavu za hoki na mtu anayejulikana kwa kuumiza wenzake. Basi kwa nini tunamjadili bingwa peke yake?