Mwizi wa kuku afungwe, au alime shamba la shule?

Mfugaji, Khayega:
Wadau, kuna swali ambalo huku Kakamega linagawanya hata watu wa boma moja. Kijana ameiba kuku wawili na amekiri kosa kortini. Apelekwe jela, au apewe kifungo cha nje, afanye kazi ya umma bila malipo na jioni arudi kwao?

Mimi nasema apewe kifungo cha nje, nami nafuga kuku na nimeshaibiwa.

Kwanza sheria, maana wengi hudhani hakimu anayetoa kifungo cha nje amejiamulia tu kumhurumia mwizi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu kufanya hivyo kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka 3 jela. Hata kosa likiwa na adhabu kubwa zaidi, anaruhusiwa pia, mradi aone kwamba miaka 3 au pungufu inatosha. Sasa tazameni kuku wetu. Wizi wa mifugo uko katika kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu, na kikomo chake ni miaka 14. Ng'ombe yumo, mbuzi yumo, nguruwe yumo, punda na ngamia wamo, hata mbuni. Kuku hayumo. Aliyemwiba anashtakiwa kwa wizi wa kawaida, kifungu cha 275, ambao kikomo chake ni miaka 3. Kwa hiyo kifungo cha nje kiliwekwa hasa kwa watu kama huyu.

Wengine mtasema atozwe faini basi. Faini ndiyo inayoniuma zaidi. Ukitozwa shilingi 15,000 na huna, kifungu cha 28 cha Kanuni hiyo ya Adhabu kinaruhusu ufungwe hadi miezi 3. Vijana wawili wameiba pamoja: mmoja ana shemeji mwenye duka Mumias, mwingine hana wa kumpigia simu. Wa kwanza anakula ugali kwao jioni ile ile, wa pili anapakiwa kwenye lori la magereza. Kosa ni lile lile, kilichowatenganisha ni shemeji. Na pesa za faini huenda kwa serikali. Mimi mwenye kuku narudi nyumbani mikono mitupu.

Mama mboga, Nyalenda:
Ndugu yangu wa Khayega, umesema vizuri, lakini mimi sikubali. Huku Kisumu kuku hulala jikoni, na wengine hulala chumba kimoja na watoto. Anayekuja kuwachukua usiku amevunja mlango wangu. Hapo mimi sihesabu kuku, nahesabu usiku ambao sitalala tena.

Halafu fikiria mtaa unaona nini. Mwizi ameshikwa Jumapili, kufikia Ijumaa anafyeka nyasi kwa chifu huku akisalimia wapita njia. Watu hawasemi ameadhibiwa, wanasema ameachiliwa. Akishikwa mara ya pili hawampeleki polisi tena, wanamtafutia tairi wamchome. Nimeona kijana akifa hivyo, na sitaki kuona tena. Kama kifungo cha nje kinafanya watu waache kuiamini korti, kitaua hao hao mnaotaka kuwaokoa. Na nani anahesabu siku alizofanya kazi? Chifu? Akiwa mpwa wake je?

Askari jela mstaafu, Nakuru:
Mama wa Nyalenda, hoja yako ya mlango ni ya kweli, na sheria iko upande wako. Kuvunja nyumba ya watu usiku ili kuiba ni kosa jingine kabisa, kikomo chake miaka 10. Mwenzetu hakuwa anamzungumzia huyo.

Mimi nitasema niliyoyajua kazini. Mtu wa miezi 3 hatuna la kumfanyia. Useremala haufundishwi kwa miezi 3, wala ushonaji. Anakaa tu, anakula, na anaowasikiliza ni watu wa bunduki. Akitoka ana marafiki wapya. Jela hiyo fupi simwombei mtoto wa mtu yeyote.

Kuhusu usimamizi: hakimu hutakiwa kupata ripoti ya afisa wa probesheni, yule anayesimamia wakosaji walio nje ya jela, kabla ya kutoa amri ya kifungo cha nje. Mkosaji akikwepa kazi, korti inaweza kumwita, ikafuta amri na kumpa adhabu nyingine. Lakini aliyepewa nafasi hiyo akarudia wizi ule ule, mimi namfungia mlango. Hapo simwonei huruma.

Mfugaji, Khayega:
Mzee, asante. Mama, umegusa ninachotaka tukipiganie. Mtaa unaona mwizi ameachiliwa kwa sababu aliyeibiwa hajapata kitu. Sheria ya Huduma kwa Jamii inataja kazi za umma: barabara, upandaji miti, shule, hospitali. Nzuri zote, lakini hakuna hata moja inayorudisha kuku. Na bado hakimu ana uwezo, chini ya kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu, kumwamuru mkosaji alipe fidia. Ninachodai ni kwamba amri hizi mbili zitolewe pamoja, kila mara, na zisomwe mlalamishi akiwepo.

Mama mboga, Nyalenda:
Na akiwa hana hata shilingi kumi? Umesema mwenyewe hana wa kumpigia simu.

Mfugaji, Khayega:
Kwa hiyo asipangiwe kazi ya umma wiki nzima. Afanye siku tatu shuleni, na siku zilizobaki atafute kibarua, alipe kidogo kidogo mpaka bei ya kuku itimie, na kila anacholipa kiandikwe na afisa wa probesheni, si chifu. Mimi ningemngoja hata miezi sita. Akiwa jela hawezi kunilipa chochote.

Walimu wakuu na wahudumu wa zahanati mliowahi kupewa vijana hawa wawafanyie kazi, tuambieni: walikuja? Walimaliza siku zao?