Msaada: pesa za kikundi zimeibiwa kupitia WhatsApp ya mshika fedha wetu, na yeye anaapa hakumpa mtu namba

KatibuWete

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naandika kutoka Wete, Pemba, na usingizi sina tangu Jumatano.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama 64, wengi wetu kina mama. Msimu huu karafuu zimeuzwa, watu wana fedha mkononi na michango inaingia kwa wingi. Jumatano asubuhi ukaja ujumbe katika kundi letu la WhatsApp kutoka kwa mshika fedha: laini ya kikundi ina matatizo, michango ya wiki hii itumwe namba hii hapa. Picha yake, jina lake, hata salamu ni ile anayoandika siku zote. Watatu wakatuma, jumla shilingi 410,000. Mmoja wao alitia shaka akapiga simu kwanza kumuuliza. Akapokea kijana wa kiume: "Mama anasali, lakini namba ndiyo hiyo, tuma tu." Akatuma.

Hapo ndipo penye mwiba. Mshika fedha ana mtoto mmoja wa kiume, na mji mzima sasa unamnyooshea kidole, japo siku ile alikuwa Unguja kazini. Bi anaapa hakumsomea mtu namba yoyote. Nilikaa naye jioni ile, yuko juu ya jamvi anachambua karafuu na makonyo, simu kaiweka mbali naye hataki kuigusa. Anasema asubuhi alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa kampuni ya simu, akamwelekeza kubonyeza namba fulani "kurekebisha mtandao". Baadaye ukaja ujumbe wa namba sita, hakumuonesha mtu. Kisha WhatsApp ikamtoka.

Je, yawezekana anasema kweli? Na sisi tuanzie wapi? Tuna kompyuta moja kuukuu ya Windows 10, barua pepe moja tunayoingia viongozi watano kwa neno la siri moja, na vivuli vya vitambulisho vya wanachama wote vimo humo humo. Fedha za kumwajiri mtaalamu hatuna.

Mchangani_77

Pole sana dada. Kuna jamaa namjua anafuatilia pesa za namna hii na kuzirudisha, anachukua 50,000 tu kabla ya kazi. Ukitaka nikupe namba yake.

WakalaKonde

Dada, usitoe hata senti. Mimi ni wakala wa pesa za simu mwaka wa nane huu, na wateja wangu wawili wameibiwa mara ya pili na hao hao wanaojiita warudishaji. Pesa ya simu anaweza kuizuia kampuni yenyewe tu, tena kama mwizi hajaitoa. Ndiyo maana dakika zina thamani: ukigundua, piga huduma kwa wateja pale pale ukiwa na namba ya muamala, kisha nenda polisi. Mlipiga lini?

KatibuWete

Tulipiga Alhamisi mchana. Wale watatu walinyamaza siku nzima kwa kuona haya.

WakalaKonde

Nimeelewa. Zitakuwa zimeshatoka, lakini ripotini vile vile. Ujumbe wa utapeli pamoja na namba iliyotumika mtume kwenda 15040, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na laini hufungiwa. Na polisi msiseme haiwahusu kwa kuwa ni Pemba: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar. Chukueni picha za skrini za mazungumzo yote kabla mtu hajafuta kitu. Bi naye apige *106# aangalie kama kuna laini asiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chake.

FundiChake

Waalaykum salaam. Katibu, kabla ya mengine yote, niulizie Bi swali moja. Zile namba alizoambiwa abonyeze, zilianza na nyota, mbili, moja, nyota, kisha namba ya simu, na mwisho reli?

KatibuWete

Nimetoka kwake sasa hivi. Anakumbuka vizuri kwa sababu alizirudia mara mbili. Nyota, 21, nyota, namba inayoanza na 06, reli. Umejuaje?

FundiChake

Basi Bi anasema kweli, na mwanawe hana kosa.

Ile *21* ni amri ya kuhamisha simu. Ukiibonyeza pamoja na namba ya mtu, kila anayekupigia anapelekwa kwake. Kisha mwizi anaisajili WhatsApp kwa namba ya Bi. Namba sita za kuthibitisha zinakuja kwanza kwa ujumbe, na ujumbe hauhamishwi, ndiyo maana Bi aliuona. Lakini WhatsApp ina chaguo la kupigiwa simu na kusomewa zile namba. Simu ile ilikwenda kwa mwizi, akasomewa yeye. Na yule mwanachama aliyepiga kuhakikisha, simu yake ilikwenda huko huko. Kijana aliyepokea ndiye mwizi mwenyewe.

Nimeeleza kwa urefu makusudi. Mwanachama wenu alifanya lile tunalowashauri watu kila siku, apige ahakikishe, na bado akaibiwa. Mtu asimlaumu.

Sasa fanyeni kwa mpangilio huu, msiuruke. Kwanza Bi abonyeze *#21# kwenye simu yake, itaonesha kama simu zake bado zinahamishwa. Halafu ##002#, hiyo inafuta uhamishaji wote. Mwombe mtu ampigie, simu iite mkononi mwake. Baada ya hapo ndipo aisajili WhatsApp upya kwa namba sita za ujumbe. Akishaziingiza, mwizi anatolewa saa ile ile. Huenda akaombwa PIN asiyoijua, maana wezi hupenda kuiweka wao. Asibahatishe. Atasubiri siku 7 kisha ataingia bila hiyo PIN, na katika siku hizo mwizi naye yuko nje.

Akirudi, aende Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, aweke PIN yake na barua pepe yake. Na afungue Vifaa Vilivyounganishwa, aondoe asichokijua. Viongozi wote wafanye hivyo leo, hawana haja ya kusubiri.

KatibuWete

Nimebonyeza mwenyewe *#21# mbele yake. Imetoka ile ile namba ya 06. Bi alipoiona alilia. Siku nne hizi simu zake zote zilikuwa zinakwenda kwa mwizi, sisi tunadhani hataki kupokea.

MwalimuMkoani

Mpe pole nyingi Bi. Mimi nafundisha kompyuta skuli, niseme kidogo kuhusu ofisi yenu.

Barua pepe ndiyo ningeigusa kwanza, kwa sababu aliye nayo anaweza kubadilisha maneno ya siri ya vitu vingine vyote. Neno moja la watu watano si siri tena, na likitokea jambo hamtajua aliyeingia ni nani. Abaki nayo katibu na mwenyekiti, iwashiwe uthibitishaji wa hatua mbili, na wengine washirikishwe daftari kupitia akaunti zao wenyewe. Mkiingia angalieni mipangilio ya kupeleka barua kwengine na vichujio, yaani kanuni za kupanga barua zenyewe. Mwizi aliyewahi kuingia hupenda kuacha hapo mlango: unabadilisha neno la siri, yeye anaendelea kupata nakala za barua zako.

Neno lenyewe liwe refu, maneno manne au matano yasiyohusiana, si jina la kikundi na mwaka. Msilazimishane kulibadilisha kila mwezi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha ushauri huo tangu 2017, kwa sababu watu huishia kuongeza tarakimu moja mwishoni.

Kompyuta: Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashimo ya usalama yatakayogunduliwa hayazibwi tena kama zamani, na hili si dogo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote, na kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Walioumia ni ambao hawakusasisha. Kama yenu inakubali Windows 11, ipandisheni. Ikikataa, aidha wekeni Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, aidha iondoeni kwenye intaneti kabisa ibaki ya daftari tu.

Na nakala. Nunueni diski mbili ndogo za nje. Moja ikae ofisini lakini haijachomekwa, ya pili nyumbani kwa kiongozi mwengine. Kila mwezi fungueni faili moja kutoka kwenye nakala muone linafunguka. Mimi nilikuwa Unguja ulipokatika umeme Desemba 2009 hadi Machi 2010. Ulipokuwa ukirudi na kukatika, kompyuta ya ofisi yetu iliungua na daftari la miaka mitatu ndani. Tuliliandika upya kutoka kwenye risiti, mikono miwili, wiki saba.

Sheha_Mstaafu

Mwanangu, mimi sijui kompyuta. Lakini hivyo vivuli vya vitambulisho mnavihifadhi vya nini? Mtu akiviiba anaweza kukopa kwa majina ya watu.

MwalimuMkoani

Mzee amegusa penyewe. Tangu 1 Mei 2023 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na msingi wake mmoja ni kutokukusanya wala kuweka kisichohitajika. Andikeni namba kwenye daftari la karatasi linalofungiwa, vivuli vifuteni, pamoja na vile vilivyotumwa kwenye kundi.

KatibuWete

Ahsanteni sana, na shikamoo mzee. Nieleze tulipofika.

Bi ameingiza namba sita, ameambiwa asubiri siku saba kama Fundi alivyosema. Ijumaa baada ya sala tulikutana, nikasoma maelezo ya Fundi neno kwa neno mbele ya wanachama wote, kisha nikampa kila mmoja abonyeze *#21# kwenye simu yake. Mwanachama mwengine mmoja akakuta simu zake zinahamishwa kwa namba ile ile. Alikuwa hajui.

Tumekubaliana namba ya michango haibadiliki kwa ujumbe. Itabadilika kwa mkutano tu, viongozi watatu wakiwepo na saini. Vivuli nimefuta, diski mbili nimeagiza kwa mtu anayekuja na meli ya Jumanne. Bado hatujaamua kama kikundi kiwalipe wale watatu au wabebe wenyewe, na mama mmoja katika hao ni mjane. Kama kuna kikundi kilichopitia hili, naomba kujua mlifanyaje.

FundiChake

Sisi Chake tulilipa nusu kutoka mfuko wa dharura, nusu nyengine ikageuzwa mkopo usio na nyongeza wa miezi kumi. Mtu hakujitoa kikundini. Na yule mwanachama aliyekuta simu zake zinahamishwa, mwambie aangalie WhatsApp yake leo hii, asisubiri kesho.